Aliniambia asante, na mimi nilikuwa nimeshika tochi tu

Bi Mkunga shikamoo, salamu kutoka Kisauni.

Naandika hii saa nane usiku, nimetoka shifti ya jioni na usingizi hauji. Mimi ni nesi, nina diploma, miaka miwili sasa niko kwa kontrakti kwenye leba ya hospitali moja ya serikali hapa Mombasa, jina lake naomba niliache, na wikendi naenda kampasi natafuta digrii. Muhula huu mwalimu katupa asaimenti, tuandike falsafa yetu ya uuguzi, yaani mimi kama nesi naamini nini na nafanya kazi kwa msingi gani, alafu sehemu ya pili nieleze vile nitatetea mabadiliko katika jamii. Kurasa tano.

Mimi nkaona hiyo rahisi. Jioni moja nkakaa na simu, nkachukua huku kidogo na kule kidogo, nkaandika naamini mgonjwa ni mtu kamili ana mwili na akili na roho, nkaandika nitakuwa sauti ya wasio na sauti, nkatia utu, heshima, huruma. Nkaisoma nkaipenda. Ilikuwa imebaki kuituma tu.

Wiki iyo iyo nkaingia naiti. Tulikuwa wauguzi wawili na akina mama 11. Kama saa tisa hivi usiku ikaja tuktuk na msichana wa miaka 19, mimba ya kwanza, kaletwa na mama mkwe wake, kazi yake ni kuuza viazi karai jioni kando ya barabara. Hana pamba, hana glavu, leso ni ile moja aliyojifunga. Mwenzangu ni mkubwa kwangu, ndo alonifunza kazi na ni mtu mzuri wallahi, siku nimefiwa na baba yeye ndo alonishikia shifti wiki nzima. Lakini usiku ule akaanza kumfokea yule msichana, kwani hukujua una mimba, miezi tisa yote hata pamba imekushinda? Mama mkwe akatolewa akakae nje kwenye benchi. Ilipofika kusukuma msichana akawa anabana miguu, kwa uchungu na kwa woga, mwenzangu akamzaba kofi la paja. Akamzaba la pili. Ule mlio Bi Mkunga mpaka leo nauskia. Mimi nilikuwa nimeshika tochi ya simu sababu taa ya kile kitanda imeungua zamani, na nikaendelea kushika tochi. Sikusema kitu. Mtoto akatoka kilo 2.9, analia vizuri, tukaandika kwenye daftari uzazi wa kawaida, mama na mtoto wako salama.

Asubuhi kabla sijaondoka nkapita kwake kumpima presha, akanishika mkono akanambia asante sista, Mungu akuweke.

Asante ya nini? Hilo ndo linaniamsha usiku. Angenitukana ningelala.

Na hayajaisha. Mpaka leo bado yuko pale, karuhusiwa na daktari siku 9 zilizopita lakini hatoki sababu ya bili, malipo ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, hakuwa amelipa, na askari wa geti haachi mtu bila karatasi ya kliaransi. Analala kitanda kimoja na mama mwengine, watoto wawili katikati. Kila nikipita ananisalimia.

Nimeifungua asaimenti sijui mara ya ngapi, nafika pale pa sauti ya wasio na sauti nafunga simu. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa ijayo. Nimemweleza mama yangu, yeye anauza mahamri Bombolulu, tumesomeshwa na hayo mahamri, kanambia mwanangu usijitie kimbelembele, kontrakti yako inaisha Desemba na una wadogo zako wawili shule. Nikiwaza naona ana haki.

Sasa nisaidie Bi Mkunga. Niitume hivyo hivyo tu nipate maksi zangu? Huyu mwenzangu nimfanyeje, sitaki kumharibia kazi. Na hayo mabadiliko ya jamii, mtu kama mimi anayabadilisha vipi na mwenyewe sikuweza hata kufungua mdomo?

Ni mimi, nesi wa tochi.

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nilikuwa naisoma huku nalia, na sababu nitakwambia.

Kwanza hiyo uliyoandika usiitume. Utu, heshima na huruma ni maneno mazuri na mimi nayapenda, lakini ukifuta jina lako pale juu ukaweka la mwenzako wa darasa hakuna atakayejua imebadilishwa mwenyewe. Na hiyo ya sauti ya wasio na sauti ifute kabisa. Yule msichana ana sauti. Alipiga kelele na nyote wawili mkamskia.

Sasa langu. Mimi nimefanya leba miaka 34 mpaka nkastaafu, na mwaka 1991 nilimpiga mama kofi la paja. Naiti vilevile, tumechoka vilevile, mtoto mapigo yanashuka na mama hasukumi, nkampiga na nkamtukana juu yake, na mtoto akatoka mzima. Miaka mingi nilijiambia nilimuokoa yule mtoto. Alafu siku moja niko sokoni Kongowea nachagua nyanya, nkainua kichwa nkakutana na yule mama uso kwa uso, kashika mkono wa mtoto wa kama miaka minne. Alinitambua. Hakunambia neno, alimvuta mtoto akazunguka upande wa pili wa meza, na macho yake sijayasahau. Nilimtoa mtoto wake tumboni kwa mikono hii na mtoto huyo akawa anakingwa nisimguse. Falsafa yangu mimi ya uuguzi ilianzia pale kwenye nyanya, na nilikuwa nimeshafanya kazi miaka chungu nzima bila nayo. Wewe yako imekuja mapema, miaka miwili tu.

Kwa hiyo anzia kwenye tochi. Sentensi ya kwanza kabisa, andika ulikuwa umeshika nini na ukanyamaza vipi. Badilisha umri wa msichana, biashara yake, usitaje hospitali, mwenzako asijulikane, hilo ni lazima, siri ya mgonjwa inabaki siri hata kwenye asaimenti. Alafu ndo uchukue yale manne mnayofundishwa, mtu, mazingira, afya na uuguzi wenyewe, uyapitishe kwenye usiku ule ule mmoja. Najua darasani yanakaa kama mambo ya kukariri. Yapitishe uone.

Mtu. Nyinyi usiku ule mlimuona mimba isiyo na pamba. Unajua bei ya viazi karai, unajua anaamka saa ngapi kumenya viazi? Mama mkwe kaja naye usiku wa manane kwenye tuktuk, sio kila mkwe anafanya hivyo, kwa hiyo huyo ni mtu anayependwa kwao. Hayo yote ulikuwa unayaona na hayakuandikwa popote.

Mazingira. Taa imeungua. Wawili kwa 11. Pazia hujalitaja, nadhani halipo. Florence Nightingale tunamjua kwa picha, mama na taa yake mkononi anapita usiku kwenye vitanda vya wanajeshi vita vya Crimea, lakini mwishoni mwa miaka ya 1850 alipokaa akaandika uuguzi ni nini alianza na hewa safi, mwanga, maji, usafi, kelele, yaani chumba chenyewe kabla ya dawa. Sasa mwanangu mnazalisha kwa tochi ya simu na mumeshazoea mpaka umeitaja kama kitu cha kupita tu. Hapo kwenye falsafa yako pana kurasa nzima.

Afya, mliandika mama na mtoto wako salama. Mtoto ndio. Mama je? Akipata mimba ya pili atarudi kwenu ama atabaki nyumbani asubiri mpaka damu zimshinde ndo aletwe? Kofi halionekani kwenye kadi lakini linafanya kazi miaka. Mwaka 2013 kule Bungoma mama alijifungulia sakafuni kwenye hospitali ya umma na wauguzi wakampiga na kumtukana, ikarekodiwa, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikasema haki zake zimevunjwa na alipwe shilingi milioni 2.5. Mimi niliskia ile hukumu kwenye redio nkazima redio, nilijua ni mimi pia inanisema.

Na uuguzi. Hapa mimi nampenda Virginia Henderson, yule Mmarekani, alieleza kazi yetu kwa maneno ambayo hata mama yako wa mahamri ataelewa, kwamba nesi anamsaidia mtu, mgonjwa au mzima, kufanya yale ambayo angejifanyia mwenyewe lau angekuwa na nguvu, nia ama maarifa yanayohitajika, na hata kama ni kufa basi afe kwa amani. Nguvu, nia, maarifa. Shika hayo matatu urudi kwenye kile kitanda ujiulize yule msichana alipobana miguu alikosa lipi. Nia alikuwa nayo, alikuja. Maarifa hakuwa nayo, ni mtoto wa kwanza na hakuna aliyemwambia uchungu wa mwisho unavuta vipi. Nguvu yake ilikuwa imekaa nje kwenye benchi, ni yule mama mkwe. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2018 linapendekeza kila mama awe na mtu wake anayemtaka karibu naye wakati wa leba, na sisi tunawafukuza kama tunafukuza kuku. Ukiandika hivyo utaona umeshaingia sehemu ya pili ya asaimenti bila kujua, sababu zile sehemu mbili mwalimu kazitenganisha kwa kupanga maksi tu. Ukimuona mtu vizuri lazima utauliza kilichomfikisha pale ni nini, na ukishauliza hilo umeshaanza kudai mabadiliko.

Nikwambie kwa nini ulinyamaza, sababu umejihukumu sana. Tumelelewa hivyo. Kile kiapo tunachokula na mishumaa siku ya mahafali, wanakiita cha Nightingale lakini yeye hakukiandika, kiliandikwa Detroit mwaka 1893 na kamati ya mwalimu wa wauguzi akiitwa Lystra Gretter, na ndani yake nesi anaahidi utiifu wa kumsaidia daktari. Mpaka ile kanuni ya maadili ya Baraza la Kimataifa la Wauguzi ya 1953 bado iliweka kutekeleza amri za daktari kwa utiifu. Ilipofika 1973 ndo wakaiandika upya, wakasema jukumu la kwanza la muuguzi ni kwa watu wanaohitaji uuguzi. Kwa hiyo fikiria, adabu ya kumnyamazia mkubwa ina umri mrefu sana na hiyo nyengine ni ya juzi, na wodini bado zinagombana. Usiku ule wewe ulifuata ile ya zamani. Sikupi udhuru, nakuonyesha kitu kinachokushika mkono ili kesho ukitambue.

Haya, mwenzako.

Usimsemee kwanza kwa inchaji na usimsubiri abadilike mwenyewe. Mtafute siku nyote mmelala, sio mwisho wa shifti, mnunulie chai na mahamri ya mama yako. Anza na lako, dada, ile naiti ya yule msichana mimi nilinyamaza na mpaka leo sipati usingizi. Nyamaza umuachie. Atakasirika pengine, pengine atasema ulitaka mtoto afe? Usibishane juu ya mtoto. Mwambie vile alivyokushikia shifti baba yako alipofariki, kwamba huyo ndo mtu unayemjua na unamtaka arudi leba. Mimi laiti mtu mmoja angenifuata 1991 kwa namna hiyo. Wenzangu walicheka.

Na ikitokea tena pale pale, usitafute hotuba. Sema, dada hebu wewe shika tochi, mimi nishike hapa. Basi. Mnabadilishana mahali, yeye anapumua, wewe unamshika mama mkono unamwambia pumua na mimi. Lakini akiendelea, mara nyengine na nyengine, unaandika na kumpa inchaji, na hapo urafiki haukusaidii kujificha sababu kile ni kipigo na anayepigwa hana pa kukimbilia.

Bili sasa, na hili ni la kesho asubuhi lisingoje Ijumaa. Nenda kwa ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali umpeleke jina la yule msichana, wao ndo wanaofanya tathmini na kuomba weva, yaani asamehewe bili, na mara nyingi mama anakaa siku nyingi sababu hakuna aliyemwambia kuna hiyo ofisi. Nenda na mama mkwe, aeleze hali ya nyumbani mwenyewe. Mwaka 2015 Mahakama Kuu Nairobi iliamua kesi ya akina mama wawili walozuiliwa hospitali ya uzazi kwa kukosa pesa, ikasema kumfungia mtu hospitalini kwa sababu ya deni ni kinyume cha haki zake. Katiba yetu ya 2010 ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya na imetaja afya ya uzazi kabisa. Hayo uyajue uyaseme kwa upole. Usimtoroshe, utafukuzwa na yeye atarudishwa. Na usilipe mfukoni mwako, najua umefikiria, ukilipa huyu yule wa kitanda cha pili utamwambiaje?

Alafu uangalie nyuma kidogo. Zamani kulikuwa na Linda Mama, mpango wa serikali, mama anajisajili anazaa bila kutoa kitu. Tangu SHA ianze Oktoba 2024 mtu asiye na mshahara anatakiwa achangie, kima cha chini shilingi 300 kwa mwezi, lakini inahesabiwa ya mwaka mzima, yaani 3,600. Muuza viazi karai 300 anaipata, 3,600 kwa mkupuo ndo mlima. Kwa hiyo shida ya huyu msichana ilianza kliniki ya kwanza, miezi mingi kabla ya ile tuktuk. Kama pale kliniki kungekuwa na mtu wa kukaa na kila mama dakika tano amsajili na amwonyeshe njia ya kulipa kidogo kidogo, leo yuko kwao anakunywa uji. Hilo ni jambo moja dogo la kudai na lina mlango unaojulikana.

Lillian Wald alikuwa nesi kijana New York, 1893, anafundisha wanawake wahamiaji uuguzi wa nyumbani, msichana mdogo akaja kumwita mama yake anaumwa. Akamfuata mpaka kwenye chumba chao akamkuta yule mama amejifungua na amelala kwenye damu iliyomtoka tangu siku mbili nyuma. Alimhudumia, alafu akahamia kwenye mtaa ule ule wa maskini akaishi nao na kutembelea wagonjwa nyumba kwa nyumba, na 1902 akaanzisha mpango wa manesi kwenye shule za mji ule. Yote hayo yalitoka kwa mama mmoja kwenye kitanda kimoja. Wewe pia una wako.

Na hapa kwetu Mombasa usisahau mtaa wa Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa pale mwaka 2007, watoto wakawa wanaugua, mama mmoja, Phyllis Omido, alikuwa anafanya kazi kiwandani humo na mtoto wake akawa anatibiwa kama ana magonjwa mengine, kumbe ni madini ya risasi yako kwenye damu yake. Mama alipojua akasimama, akakamatwa, hakurudi nyuma, kiwanda kikafungwa 2014, mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 na kesi ikaendelea kupanda mpaka Mahakama ya Juu. Mimi swali langu siku zote ni moja, wale watoto wangapi walipita mikononi mwa manesi tukawapa dawa ya homa na hakuna aliyeuliza unaishi wapi, na hapo jirani kuna nini? Tungeliuliza na kuandika, labda isingebidi mama mmoja abebe yote peke yake.

Kuandika basi. Nunua daftari la shilingi hamsini. Kila shifti andika akina mama wangapi, wauguzi wangapi, wangapi walikuwa na mtu wao karibu, wangapi wamebaki kwa bili na siku ngapi, taa ngapi hazifanyi kazi. Bila majina kabisa. Miezi mitatu. Watu wanadhani hesabu ni ya wakubwa wa ofisini, lakini Nightingale aliporudi kutoka vitani alikaa na tarakimu akaonyesha wanajeshi wengi waliuliwa na maradhi yanayozuilika kuliko vidonda, na kwa hizo tarakimu wakubwa wakaskia. Juzi tu, 2023, yalitoka matokeo ya utafiti wa hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, wakunga waliwekewa mfuko wa plastiki wenye mistari wa kupimia damu ya mama anapojifungua badala ya kukisia kwa macho, na wakipima tu wanatoa matibabu yote kwa pamoja, kutokwa damu sana na madhara yake yakapungua kwa asilimia 60. Damu ni ile ile, sasa imepimwa.

Ukiwa na daftari lako nenda kwa inchaji na ombi moja, usipeleke kumi. Mimi ningechagua mama aruhusiwe mtu wake leba, pamoja na mapazia, sababu haihitaji pesa nyingi na wenzenu watafurahia mkono wa ziada usiku. Ya wauguzi wawili kwa 11 hiyo ni bajeti ya kaunti, inadaiwa kwengine. Makadirio yanapelekwa kwenye bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili na mwaka wa pesa unaanza 1 Julai, na kabla ya hapo lazima wananchi washirikishwe. Sisi manesi tunaanza kulalamika Juni, chakula kimeshapakuliwa. Nendeni Februari, Machi, na msiende peke yenu, pitieni chama cha wauguzi, nendeni na wahudumu wa afya wa mitaani na akina mama wenyewe walozaa pale, yule mama mkwe akisimama kwenye ukumbi akaeleza benchi lile atasikilizwa kuliko mimi na wewe.

Mama yako anaogopa kwa haki, kontrakti ni kitu chepesi. Usimdharau. Kwa hiyo jilinde, usiweke picha ya wodi kwenye status, usirekodi mgonjwa, usikimbilie waandishi wa habari na hasira ya usiku mmoja, kila unachosema kiwe kimeandikwa na kina tarehe, na mkienda mwende wawili ama watatu. Lakini mwambie pia kuna nesi wa Marsabit, Anna Qabale Duba, mwajiriwa wa hospitali ya kaunti kama wengine, aliyekuwa anapinga ukeketaji na ndoa za watoto kijijini kwao na akajenga shule, na mwaka 2022 akapewa tuzo ya kimataifa ya wauguzi ya dola 250,000. Hakuacha kazi ili atetee.

Asaimenti ukiimaliza nitumie niisome, sijali urefu. Na ile balbu, kesho kabla hujavaa sare uliza nani anaandikiwa, andika ombi kwenye kitabu cha matengenezo na jina lako chini.

Bi Mkunga